Mkono wa Bibi Unapimika: Ushauri kwa Ndugu Wanaopeana Mapishi Wakiwa Mbali

Familia nyingi za pwani siku hizi hufuturu kwa saa tofauti. Mama yuko Tanga, kaka yuko Nairobi, binti yuko Leeds au Toronto, na mama mkubwa alihamia Maskati tangu zamani. Simu inawakutanisha kwa salamu, kwa harusi na kwa misiba. Lakini likija suala la jikoni, mambo hukwama. Binti anauliza mahamri yanakandwaje, mama anamweleza kwa mapenzi yote, na bado mahamri ya Leeds yanatoka magumu, bapa, hayana uwazi ndani. Mama hakuficha kitu na binti alisikiliza vizuri.

Maelezo yenyewe ndiyo yaliyopungua. "Tia unga kiasi, tui la kutosha, hamira kidogo, uuache mpaka uone umekuwa." Kwa mtu aliyesimama ubavuni mwa msemaji, maneno haya yanatosha kabisa, kwa sababu kiasi anakiona, na akitia vidole kwenye unga anajua umekuwaje. Aliye mbali hana vitu hivyo. Kwa hiyo mapishi yanayosafiri lazima yabebe mambo mawili ambayo jikoni kwa mama hayahitaji kutamkwa: vipimo vya mizani, na dalili zinazoonekana kwa macho, kunuswa, kusikika na kuguswa. Yakikosa moja, hayafiki. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya hilo.

Pima, usihoji

Usimuulize bibi unga ni gramu ngapi. Hajawahi kuhitaji kujua. Mkono wake umekwisha kupima maelfu ya mara, nao unapima vizuri kuliko maneno yake. Kazi yako ni kuusoma mkono huo bila kuusumbua.

Njia iliyo rahisi ni hii. Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu. Kabla bibi hajaanza, weka ndoo ya unga juu ya mizani, andika uzito wake. Fanya hivyo hivyo kwa chombo cha sukari, kwa kopo la samli na kwa bakuli la tui. Kisha mwache akande kama alivyozoea, bila kumsimamisha. Akimaliza, pima tena vyombo vyote. Tofauti kati ya uzito wa kwanza na wa pili ndiyo kipimo cha bibi. Mpishi anayesimamishwa kila dakika ili apimiwe kijiko huanza kupika kwa wasiwasi, na kipimo utakachopata si chake tena.

Vitu vidogo kama chumvi, iliki na hamira vinataka utaratibu mwingine, kwa kuwa mizani nyingi za nyumbani hazisomi vizuri gramu mbili au tatu. Mwombe bibi avitie kwanza kwenye kisahani, wewe uvipime kwa kijiko cha kupimia: kijiko cha chai cha mililita 5, na kijiko kikubwa cha mililita 15, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Ikiwa alitia kwa ncha za vidole vitatu, andika pia kwamba ni ncha za vidole vitatu.

Rudia kupima siku nyingine. Namba zikitofautiana, usizifute, andika zote. Ikiwa siku moja alitia tui mililita 270 na siku nyingine 300, umejifunza kwamba pishi hilo linavumilia, na kwamba bibi aliongeza tui kwa sababu aliyoiona kwenye unga. Muulize sababu hiyo ni ipi.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. "Kwa nini unafanya hivi?" mbele ya mzee inaweza kusikika kama kumsahihisha. Uliza badala yake: "Bibi, nikiruka hatua hii kutatokea nini?" Swali hilo humfurahisha mpishi, na jibu lake mara nyingi ndilo siri yenyewe: "Ukiruka, mkate utashika chini," au "Utanukia hamira." Nenda pia na nia iliyo wazi. Mwambie kwamba unataka na wajukuu walioko Toronto waujue mkate wake wa kumimina. Wazee wengi hawakatai ombi la namna hiyo.

Kikombe cha nani?

Pwani tuna kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Majumbani tuna kopo, glasi, bakuli na kikombe cha chai. Ng'ambo wana vikombe vyao pia: kikombe cha kupimia cha Marekani kinabeba karibu mililita 240, cha Australia 250. Hata kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20 badala ya 15. Ukimwandikia ndugu "vikombe vinne vya unga" bila kusema kikombe kipi, umemwacha abahatishe.

Tatizo haliishii kwenye ukubwa wa kikombe. Kikombe kile kile cha mililita 240 kinaweza kubeba unga wa ngano gramu 120 ukiumimina taratibu, na gramu 150 ukichota kwa kukandamiza. Kwa vikombe vinne, hiyo ni tofauti ya gramu 120, na inatosha kabisa kuugeuza unga laini wa mahamri kuwa mgumu. Mahamri mengi yaliyoharibikia ng'ambo yaliharibikia hapo, kabla hata hamira haijaguswa.

Dawa yake ni gramu. Ikiwa mama hupimia kwa kopo la maziwa ya unga, chukua kopo hilo hilo, lijaze kama anavyolijaza yeye, ulipime, kisha uandike mwanzoni mwa daftari: kopo la mama ni gramu 300 za unga wa ngano, gramu 450 za sukari, na kadhalika, kwa namba zako mwenyewe. Ukishafanya kazi hiyo, mapishi yote ya mama yanayotaja kopo yanasomeka popote duniani.

Kuwa mwangalifu pia na neno "pakiti". Pakiti ya hamira inayouzwa Ulaya na Marekani kwa kawaida ni ya gramu 7, na nyingi zinazouzwa kwetu ni za gramu 11. Hamira zenyewe ni aina mbali mbali. Kuna ya chengachenga ndogo inayochanganywa moja kwa moja na unga, na kuna inayotaka kwanza kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Ndugu asiyejua ameshika ipi aijaribu kwa maji hayo: ikiwa hai itatoa povu ndani ya dakika kumi.

Unga nao una mtego wake. Uingereza, kwenye rafu moja na unga wa kawaida, huuzwa unga uliokwisha kuchanganywa na bekingi pauda kiwandani. Unafaa kwa keki fulani. Haufai kwa mahamri, wala chapati, wala maandazi. Mwambie ndugu asome maandishi ya mfuko kabla ya kununua. Mwambie pia ni bizari ipi unayoisema. Bizari nyembamba, bizari ya manjano na bizari ya mchuzi ni vitu vitatu tofauti, na ukimwandikia "bizari" pekee, anaweza kuharibu sufuria nzima ya pilau.

Andika dalili pamoja na dakika

Dakika zinasaidia, ila peke yake hudanganya, kwa sababu jiko lako si jiko lake. Kila hatua inayotaja muda itaje pia dalili itakayomwambia mpishi kwamba muda umetimia. Hapa ndipo ujuzi wa bibi ulipo, na hapa ndipo maandishi mengi ya familia hunyamaza.

Chukua tui. Tui bichi linapopata moto bila kukorogwa hukatika: mafuta yanajitenga na maji, na mchuzi unakuwa na mabonge. Kuandika "chemsha tui dakika tano" hakumlindi ndugu. Andika: "Koroga bila kuacha, mwiko ukienda upande mmoja, mpaka tui lianze kutokota pembeni na kutoa povu jepesi, hapo punguza moto." Sasa anajua la kufanya na jambo la kungojea.

Chukua mkate wa mayai. Siri yake iko kwenye kupiga mayai na sukari. Andika kwamba mchanganyiko unakuwa tayari pale rangi inapokuwa nyeupe-nyeupe, ukiwa mzito, na ukiinua kipigio, ule mstari unaodondoka unabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Unga hutiwa baadaye, kidogo kidogo, kwa kukunja na si kwa kupiga, ili hewa isitoke. Ukiiva, kingo zake huachana na chombo, na kijiti ukikichomeka katikati kinatoka kikavu.

Mkate wa kumimina unataka dalili nyingi zaidi. Mchele ulowekwe usiku kucha, na kesho yake punje ivunjike kirahisi kati ya vidole. Usagwe na tui mpaka ukisugua tone moja kwa vidole usihisi mchanga. Ukishaumuka, juu panajaa vitundu. Sufuria iwe imepata moto na kupakwa samli kabla ya kumimina, na ukimimina usikie sauti ya kukaangika pembeni. Usiposikia sauti hiyo, sufuria haijawa tayari, na mkate utanata.

Pilau nalo huamuliwa na vitunguu. Andika rangi: kahawia iliyokolea, isiyo nyeusi, kwa sababu rangi ya pilau inatoka humo, na vikiungua uchungu wake hauondoki.

Moto na hali ya hewa

Jikoni kwa bibi, mkate huokwa kwa makaa juu na chini: moto mdogo kwenye seredani, na makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko. Aliye kwenye gorofa la Toronto ana oveni. Mwambie awashe moto wa juu na wa chini kwa pamoja. Nyuzi 180 za Selsiasi, ambazo ni kama 350 za Farenhaiti, ni mwanzo mzuri kwa mkate wa mayai na keki nyingi za nyumbani. Ikiwa oveni yake ina feni, apunguze nyuzi 20 hivi. Andika kipimo cha joto kwa namna zote mbili, maana oveni za Marekani husoma Farenhaiti.

Hali ya hewa ni kiungo ambacho hatukiandiki kwa kuwa tunaishi ndani yake. Unga ulioumuka kwa saa moja Dar es Salaam, penye joto la nyuzi 30, unaweza kuchukua saa mbili au zaidi katika nyumba ya Uingereza yenye nyuzi 18. Ndugu akifuata saa, atakaanga unga ambao haujaumuka. Afuate dalili: unga uwe mara mbili ya ulivyokuwa, na ukiubonyeza kwa kidole, shimo lijirudie taratibu. Kama nyumba ni baridi, auweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya moto.

Kaka aliye Nairobi naye ana lake. Jiji hilo liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa. Mbaazi na maharage huchelewa kuiva, naye asidhani amenunua mbaazi mbovu. Aloweke usiku kucha au atumie sufuria ya presha. Kwa upande mwingine, unga wa hamira huumuka haraka zaidi kwenye miinuko, basi auangalie mapema.

Kisichopatikana na kinachokaa mahali pake

Kwa kila kiungo, andika kama ni cha lazima au kinaweza kubadilishwa. Ni mama mwenye pishi anayestahili kuamua hilo, kwa sababu yeye ndiye anayejua roho ya chakula iko wapi. Mahamri bila iliki si mahamri. Samli ikikosekana humo, mafuta ya kawaida yanapita.

Maskati shida ni ndogo; iliki, samli na nazi zimejaa madukani, na jamii ya watu waliotoka Zanzibar na pwani imekuwapo huko miaka mingi. Ulaya na Amerika Kaskazini panataka ujuzi wa maduka. Mbaazi huuzwa Uingereza katika maduka ya watu wa Karibi kwa jina la gungo peas, na zilizopasuliwa hupatikana kwa Wahindi kwa jina la toor au tuvar. Mchicha, au jamaa yake wa karibu, huuzwa na Wajamaika kwa jina la callaloo. Ukwaju, bizari na iliki viko katika maduka ya Kihindi kwa bei nafuu kuliko maduka makubwa. Nazi iliyokunwa na mhogo hupatikana vikiwa vimegandishwa.

Tui la kopo ni msaada mkubwa, ila halilingani na letu. Nyumbani tuna tui zito la kwanza na tui jepesi la pili, na mapishi mengi huanza na jepesi na kumalizia na zito. Kopo ni moja. Mwandikie ndugu: kwa tui jepesi, changanya sehemu moja ya tui la kopo na sehemu mbili za maji, kwa tui zito litumie lilivyo, baada ya kulitikisa. Makopo mengi yana vitu vya kulizuia lisijitenge, kwa hiyo halikatiki kwa wepesi, lakini mengine yametiwa maji mengi mno. Asome asilimia ya nazi.

Mdalasini unaouzwa sana Marekani ni wa aina nyingine, mzito na mkali kuliko ule mwembamba wa Zanzibar na Sri Lanka. Aanze na nusu ya kipimo.

Mtu akisafiri, mpe viungo vikavu. Iliki isafiri na maganda yake, kwa kuwa iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Samli usimpe anayekwenda Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya: msafiri kutoka nchi zetu haruhusiwi kuingia huko na bidhaa za nyama au maziwa. Marekani humtaka msafiri atangaze kila chakula alichobeba. Afadhali kuuliza kabla kuliko kunyang'anywa uwanjani.

Simu, sauti na picha

Kupika pamoja kwa simu ya video ni raha, na kunafundisha, mradi kupangwe. Saa kumi jioni ya Afrika Mashariki ni saa kumi na moja jioni Maskati. Wakati wa baridi ni saa saba mchana London na saa mbili asubuhi Toronto. Wakati wa kiangazi chao, miji hiyo miwili husogea mbele saa moja. Siku za mapumziko, saa kumi jioni ya kwetu inawafaa wote. Kubalianeni wazi kama mnahesabu saa za Kiswahili au za simu.

Simu isishikwe na anayepika, hasa penye mafuta ya moto. Mtoto mmoja aishike, au iegemezwe mahali pa juu, ikiangalia mikono na sufuria badala ya uso. Kila mtu awe amepima vitu vyake kabla ya kupiga. Anayefundisha atangulie hatua moja, kisha angojee.

Kwa bibi asiyependa video, au mahali ambapo bando ni ghali, tumia ujumbe wa sauti. Mwombe aeleze hatua moja kwa kila ujumbe. Sauti ina faida ambayo karatasi haina: unamsikia akisema "hapo usiwe na haraka" kwa namna yake. Lakini usiiache humo tu. Magrupu ya WhatsApp ni mahali pazuri pa kupeana na mahali pabaya pa kuhifadhi. Simu huibwa, huharibika, na ujumbe hupotea chini ya salamu za asubuhi. Ndani ya wiki moja, mtu mmoja ausikilize, auandike, na kuihifadhi sauti yenyewe mahali pengine.

Mfano: mahamri yaliyoandikwa ili yafike

Haya ni maandishi ya pishi moja kama ninavyoshauri yaandikwe. Yanatoa mahamri 24 hivi.

Vitu: unga wa ngano wa kawaida, usio na bekingi pauda, gramu 500. Sukari gramu 100. Hamira ya chengachenga gramu 7. Iliki iliyosagwa papo hapo, kijiko kimoja cha chai. Chumvi, robo kijiko cha chai. Samli au mafuta, kijiko kikubwa kimoja. Tui mililita 280 hivi. Kama ni la kopo, mililita 190 za tui na 90 za maji. Mafuta ya kukaangia. Cha lazima ni iliki na tui.

Hatua: Changanya vitu vikavu, tia samli, usugue kwa vidole mpaka unga ufanane na mchanga wenye unyevu. Pasha tui liwe vuguvugu. Ukitumbukiza kidole usione moto wala baridi. Limimine kidogo kidogo ukikanda. Huenda usilimalize, au ukahitaji kijiko zaidi, kwa kuwa unga hautofautiani jina tu bali hata unywaji wake. Kanda dakika kumi. Dalili: unga ni laini kama ndewe ya sikio, hauachi mabaki kwenye vidole, na ukiuvuta unanyooka kabla ya kukatika.

Paka mafuta, funika, uache mpaka uwe mara mbili. Gawa madonge sita, yafunike dakika kumi. Sukuma kila donge liwe duara lenye unene wa nusu sentimita. Likiwa jembamba zaidi halitafura. Kata vipande vinne. Viache tena kidogo chini ya kitambaa mpaka ukivinyanyua uhisi vyepesi.

Mafuta yawe mengi, ya nyuzi 170 hadi 180. Kama huna kipima joto, tupia kipande kidogo cha unga: kikizama na kupanda papo hapo na mapovu pembeni, mafuta yako tayari, kikibaki chini, bado, kikigeuka kahawia mara moja, punguza moto. Tia hamri, ulimwagie mafuta juu kwa upawa mara tu linapopanda. Hilo ndilo linalolifanya lifure. Geuza likiwa na rangi ya dhahabu.

Likienda vibaya: yakiwa magumu, unga ulizidi au haukuumuka. Yakinywa mafuta, moto ulikuwa mdogo. Yakiwa bapa, uliyasukuma membamba au hukuyamwagia mafuta juu.

Sehemu hiyo ya mwisho isikosekane katika pishi lolote. Aliye peke yake ng'ambo hana wa kumwambia kosa liko wapi, na maelezo hayo humzuia asikate tamaa.

Adabu ya pishi la mtu

Pishi lina mwenyewe. Andika jina la aliyekufundisha, na la aliyemfundisha yeye kama linajulikana: "Mkate wa ufuta wa mama mdogo, aliyefundishwa na mamake mkwe, Lamu." Ukiliwekea jina lako pishi la shangazi, umevunja jambo kubwa kuliko chakula.

Kuna ndugu wanaoishi kwa mapishi yao. Shangazi anayeuza vileja na visheti kila Idi ana haki ya kubakiza kipimo chake. Muulize kwanza kama pishi linaweza kuandikwa, na kama linaweza kutoka nje ya familia. Akisema la, liheshimiwe. Ukitaka kulifanyia biashara mahali ulipo, omba ruhusa waziwazi, na mkubaliane.

Wake na waume walioingia katika familia wasiachwe nje. Wifi kutoka Bukoba, mkwe kutoka Bujumbura au Bukavu, kila mmoja ana sufuria yake, na watoto wenu ni warithi wa pande zote. Wavulana nao wafundishwe. Wengi wao ndio wanaoishi peke yao ng'ambo, na mwenye kujua kupika mchuzi wa kwao hula vizuri kwa gharama ndogo.

Ukibadilisha pishi, sema umebadilisha. Familia zina wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu, na kupunguza sukari au chumvi ni jambo jema. Andika pishi la asili kwanza, kisha lile lililobadilishwa, kila moja na jina lake. Taja pia vitu vinavyowadhuru baadhi ya watu, kama karanga, korosho, mayai na ngano.

Daftari la familia

Mteueni mtunzaji mmoja. Si lazima awe mpishi hodari. Awe mwenye subira na mwandiko unaosomeka. Daftari la jalada gumu libaki nyumbani kwa wazee, nakala ziwe kwenye simu na kompyuta za ndugu wawili walio miji tofauti. Kila ukurasa uwe na jina la pishi, mwenyewe, tarehe, idadi ya walaji, vipimo kwa gramu, hatua na dalili zake, vinavyoweza kubadilishwa, na makosa ya kawaida. Picha moja ya unga ukiwa tayari ina faida kuliko picha kumi za chakula mezani.

Pishi lisihesabiwe limekamilika mpaka ndugu aliye mbali, tena asiye mjuzi, alipike kwa kusoma karatasi peke yake, bila kupiga simu. Pale atakapokwama ndipo palipo na pengo. Alete maswali yake, mpishi ajibu, mtunzaji asahihishe ukurasa. Mara mbili tatu zatosha.

Kazi hii si ndogo wala si ya nyumbani pekee. Mwaka 2021, UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Juhudi zile zilihitaji watafiti, wazee na watoto wa shule, wakiandika majina ya mimea na namna ya kuipika kabla havijasahaulika. Kinachofanywa kwa taifa kinawezekana kwa ukoo mmoja, na tena kwa gharama ya mizani na daftari.

Msiingoje Ramadhani ifike ndipo mkumbuke kaimati. Anzeni Rajabu au Shaabani, wakati mama hajashikwa na kazi. Chagueni mapishi matano tu: lile la harusi, lile la Idi, lile la mgonjwa, lile la kila siku, na lile ambalo hujulikana kwa mtu mmoja peke yake. Hilo la mwisho ndilo lianze.

Aliye ng'ambo anunue mizani aitume nyumbani na mtu anayesafiri. Aliye nyumbani aketi jikoni na mzee, apime na aandike. Wazee wetu wako tayari kutoa. Wanachongoja ni mtu wa kwenda kuwauliza. Nenda kwa wako wiki hii.